Mtaa Ukipewa Jina la Ugonjwa

Hofu ya maradhi ina historia ndefu katika miji yetu, na mara nyingi imewaumiza hata wale ambao ugonjwa wenyewe haukuwagusa. Mwaka 1902 tauni ilipozuka Nairobi, wakuu wa afya waliamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kutoka Uingereza kukagua usafi wa miji ya Kenya, Uganda na Zanzibar, akapendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika watengewe mitaa yao. Waraka wa Devonshire wa 1923 uliifuta sera hiyo mijini, ila fikra yake ilibaki: kwamba ugonjwa una mtaa wake, na wanaoishi humo ndio wa kulaumiwa.

Huku Kericho na Bomet fikra hiyo ilichukua sura nyingine. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake uliwavutia walowezi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwang'oa Watalai, ukoo wa viongozi wa kidini wa Wakipsigis, watu wapatao 700, ikawapeleka Gwassi karibu na Ziwa Victoria, penye mbu na mbung'o. Tuhuma dhidi yao ilikuwa ya kisiasa, lakini adhabu yao ilikuwa kuishi penye maradhi.

Mashamba makubwa ya chai yalikuwa yameanza miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikitangulia. Vibarua walijengewa nyumba za safu kambini, na katika nyumba za safu homa ya mtoto wa jirani hujulikana kabla hakujakucha. Milipuko ya malaria ilitikisa nyanda hizi hadi miaka ya 1940, ikapungua dawa na kinga zilipoenea, kisha ikarudi kwa kishindo kuelekea miaka ya 1990. Ilikuwa rahisi kumnyooshea kidole kibarua aliyetoka ziwani kuwaona wazazi. Wengine waliitaja hali ya hewa. Hata hivyo, watafiti waliopekua rekodi za hospitali za mashamba waliona kwamba sababu kubwa ilikuwa klorokwini, ambayo vimelea vilikuwa vimeshaizoea. Dawa ndiyo iliyoshindwa, wala si watu wa kambini.

Leo jina lililoiganda Bomet ni la saratani ya umio, ambayo wengi huiita kansa ya koo. Mwaka 2002 madaktari wa Hospitali ya Tenwek walieleza katika jarida la Lancet jinsi inavyowapata hata vijana wa hapa. Tangu hapo lawama imetua jikoni. Mama anayesugua ndani ya kibuyu kwa mkaa wa kijiti cha senetwet, kisha akamimina maziwa yagande yawe mursik, huulizwa kama anawalisha wanawe sumu. Chai ya moto sana imeshukiwa pia, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinachangia. Sababu kamili haijathibitishwa, lakini wasiwasi umeshaketi mezani na familia kila mlo. Koo likiwasha kidogo, usingizi hukatika.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, na wagonjwa wengi hufika Tenwek chakula kimeshakataa kupita, wakawekewa kifaa cha kupanua umio. Ila tumuulize pia aliyemtisha mgonjwa: alimwonyesha pa kwenda? Tahadhari isiyo na kipimo wala zahanati humwachia mkazi hofu tupu, nayo hofu tupu humfanya ajifiche. Kaunti inayotangaza hatari ya eneo ina wajibu wa kupeleka huko, kwa wakati uleule, uchunguzi wa mapema, maji safi na mhudumu anayejibu maswali kwa Kikipsigis. Bila hayo, tangazo la afya linarudia kosa la 1913: linawapa watu jina la ugonjwa na kuwaachia walibebe wenyewe.