Joto la Mbaka na mtambo uliochelewa

Mlima Kiejo, unaoitazama wilaya ya Kyela, kusini magharibi mwa Tanzania, kutoka kaskazini, haujafa. Karibu mwaka 1800 ardhi ilipasuka ubavuni mwake, mahali paitwapo Sarabwe, lava ikamwagika na kufunika nchi iliyokuwa chini yake. Mwaka huo haukutoka maabara. Wanajiolojia waliukadiria kwa kusikiliza simulizi za Wanyakyusa, ambao babu zao waliushuhudia moto wenyewe.

Kusini ya mlima huo unapita mpasuko wa Mbaka. Kandokando yake, katika Halmashauri ya Busokelo wilayani Rungwe, chemchemi hububujisha maji ambayo huwezi kuzamisha mkono ukautuliza. Mto Mbaka hushuka kutoka huko, ukavuka mashamba ya mpunga na kokoa ya Kyela na kuingia Ziwa Nyasa. Joto lenyewe lina asili ya mbali zaidi. Hapa ndipo matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana: moja linatoka Rukwa, jingine Usangu, la tatu ndilo lililochimba ziwa. Ganda la dunia limenyooshwa na kukonda, na gesi ya heliamu inayotoka chemchemini hubeba alama za tabaka lililo chini ya ganda lenyewe.

Watu wa kupima hawakukosekana. Wilhelm Bornhardt, mwanajiolojia wa serikali ya Kijerumani, alizunguka nchi hii, wakati huo koloni la Wajerumani, miaka ya 1890. Mwaka 1960 D. A. Harkin, wa idara ya jiolojia ya Tanganyika, alitoa kitabu kizima kuhusu volkano za Rungwe. Kati ya 1976 na 1979 Waswidi wa kampuni ya SWECO, pamoja na wenzao wa Iceland, walikagua chemchemi za moto nchini kwa fedha za SIDA, shirika la misaada la Sweden. Kuanzia 2006 walikuja Wajerumani wa taasisi ya BGR. Wakishirikiana na wizara, wanajiolojia wa serikali na shirika la umeme TANESCO, walipima jinsi miamba ya volkano ya Ngozi na eneo la Songwe inavyopitisha umeme, kwani mwamba ulioivishwa na maji moto kwa karne nyingi hupitisha umeme kirahisi kuliko mwamba mkavu.

Ripoti zikajaa kabatini. Kilichokosekana ni shimo.

Katika kugeuza joto la ardhi kuwa umeme, tofauti ya Tanzania na jirani yake iko hapo hasa. Kenya haikuanza kwa bahati. Kati ya 1956 na 1959 visima viwili vilichorongwa Olkaria, karibu na Naivasha. Cha pili kilifika mita 942, kikakuta joto kali, lakini mvuke ukagoma kupanda. Kazi ikasimama. Wangeweza kuliacha jambo hilo likazikwa, lakini mwaka 1970 shirika la umeme la Afrika Mashariki lilirudi likisaidiwa na Umoja wa Mataifa, likachoronga upya na kwa kina zaidi. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawaka. Leo mvuke ndio mhimili mkubwa wa umeme wa Kenya.

Tanzania haikuwa na dhiki ya kuisukuma hivyo. Ilikuwa na mabwawa, na gesi ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004, nani angetumbukiza mamilioni ya dola kwenye shimo ambalo huenda likatoka kavu? Kisima cha kilomita mbili hulipiwa kabla mtu yeyote hajajua kama kina mvuke. Benki haipendi biashara ya aina hiyo, na si ajabu.

Hata hivyo mashimo mengine yalikuwepo karibu na Kiejo, ila yalifuata kitu kingine. Kwa miaka mingi kampuni ya TOL imekuwa ikivuna hapo kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kuiuzia viwanda vya vinywaji. Mtanzania aliyefungua soda akasikia ule mlio wa gesi huenda amekwisha kuonja pumzi ya volkano ya Unyakyusa.

Desemba 2013 serikali iliunda Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, TGDC, chini ya TANESCO. Mwaka 2021 mtambo wa kuchoronga ulipelekwa Kiejo-Mbaka kwa visima vyembamba vya uhakiki, na maji ya moto yakatoka. Visima hivyo si vya kuzalisha umeme. Kazi yake ni kuonyesha joto linaongezeka vipi kadiri unavyoshuka, na kisima kikubwa kikae wapi.

Kemia ya maji ya chemchemi huashiria kuwa chini ya Mbaka joto ni kama nyuzi 140, wakati Ngozi hukadiriwa kuzidi 230. Kwa nyuzi 140 mvuke hauna nguvu ya kutosha kuzungusha tabo kubwa, hivyo maji hutumika kuchemsha kimiminika kinachochemka upesi, na mvuke wake ndio unaozungusha mashine. Teknolojia hiyo si ngeni ukanda huu. Miaka ya 1980 Waitaliano walifunga mtambo mdogo wa aina hiyo Kapisya, upande wa Zambia wa Ziwa Tanganyika, lakini haukuwahi kuzalisha, maana njia ya umeme haikujengwa.

Mpango wa TGDC ulitaja megawati 200 kutoka maeneo matano kufikia 2025, zikiwemo 60 za Kiejo-Mbaka. Mwaka huo ulifika bila hata balbu moja ya jotoardhi kuwaka nchini. Pengine kosa lilikuwa kuhesabu megawati kabla ya visima.

Na umeme si matumizi pekee. Naivasha, shamba la maua la Oserian lilianza mwaka 2003 kupasha vitalu vyake joto la kisima, ili kukausha unyevu unaoleta ukungu kwenye majani. Mkulima wa kokoa Kyela huanika mbegu zake juani, katika moja ya wilaya zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Kaushio linalotumia maji ya nyuzi 60 halihitaji kisima cha kilomita mbili, wala gridi ya taifa.