Kutoka malishoni hadi kampuni ya programu: Njia ya kijana wa Turkana

UKIONA vyaelea, vimeundwa. Kampuni za programu za tarakilishi zinazosifiwa jijini Nairobi hazikuchipuka zenyewe kama uyoga. Nyuma ya kila moja mna umeme wa kutegemewa, intaneti ya bei nafuu, wateja wenye uwezo wa kulipa na stakabadhi za serikali zinazomtambua mwenye kampuni.

Kijana aliyezaliwa katika manyata ya wafugaji karibu na Kalobeyei, au aliyefika huko akiwa mkimbizi, huianza safari bila nguzo hizo nne. Akili si haba kwake. Linalomkwaza ni umbali wake na mambo ambayo mwenzake wa mjini huyapata bila kuyatafuta.

Kalobeyei iko Turkana Magharibi, kwenye barabara kuu itokayo Lodwar, makao makuu ya kaunti, kupitia Kakuma hadi Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kupokea wakimbizi waliotoroka vita nchini Sudan, wengi wao wakiwa wavulana waliotenganishwa na wazazi wao.

Mwaka 2015, Kaunti ya Turkana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, ziliafikiana kuhusu ardhi ya makao mapya. Makao hayo ya Kalobeyei yalianza kupokea watu mwaka 2016. Nia ilikuwa wakimbizi na wenyeji watumie pamoja shule, hospitali na masoko, na wajitegemee badala ya kungoja mgao.

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 926,976 katika Kaunti ya Turkana. Utafiti wa serikali wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 79.4 ya wakazi wake waliishi katika umaskini, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko kaunti nyingine zote.

Programu zilitangulia

Wengi hudhani kwamba Turkana ni mgeni wa teknolojia. Dhana hiyo si sahihi. Wafugaji wa kaunti hiyo wameishi na programu za tarakilishi kwa miaka mingi, ingawa hawakuziita kwa jina hilo.

Tangu mwaka 2009, mpango wa serikali na wahisani wa kuzikinga familia na njaa, HSNP, ulilipa fedha katika kaunti za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Mzee asiyejua kusoma alifika dukani kwa wakala wa benki akiwa na kadi, akatambuliwa kwa alama za vidole na kupewa fedha zake.

Mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianzisha Bamba Chakula mjini Kakuma. Badala ya kupanga foleni kwa kila kitu, familia ilipokea sehemu ya mgao wake kwa simu na kununua chakula kwa wachuuzi walioidhinishwa. Kalobeyei ilipofunguliwa, mtindo huo ukawa uti wa mgongo wa soko lake.

Mwaka huo huo wa 2015, serikali ilianzisha bima ya mifugo, KLIP, katika kaunti za Turkana na Wajir. Picha za setilaiti zilipima rangi ya kijani ya malisho, na uchache wa malisho ulipovuka kiwango kilichowekwa, mfugaji alilipwa. Wazo hilo lilikuwa limejaribiwa Marsabit kuanzia mwaka 2010 na taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao makuu Nairobi.

Mipango hiyo mitatu ina jambo moja linalofanana. Waliotumia programu walikuwa Turkana, ilhali waliozibuni na kuzimiliki walikuwa kwingine. Mtoto aliyechunga mbuzi anajua ni lini malisho huisha, kisima kipi hukauka mapema na dukani nani hukopesha. Ujuzi huo uliingia katika tarakilishi za watu wengine kama data, wala haukumrudia kama mali.

Hapo ndipo tofauti ya kuajiriwa katika teknolojia na kuanzisha kampuni ya teknolojia huonekana. Mwajiriwa huuza saa zake. Mwenye kampuni humiliki kitu kinachoendelea kuuzwa hata akiwa amelala.

Mafunzo ufukweni

Jaribio linalojulikana zaidi la kuziba pengo hilo ni la Learning Lions, shirika lililoanzishwa mwaka 2015 na Ludwig Prinz von Bayern wa Ujerumani. Vijana wa Turkana hufunzwa kuunda tovuti, kuandika programu na kuchora michoro ya tarakilishi. Tawi lake la kibiashara, Digital Lions, hutafuta wateja wa mbali ili waliohitimu wapate kazi bila kuhama kaunti.

Mwaka 2021, chuo chake kilikamilika Loropio, kwenye ufuo wa Ziwa Turkana. Msanifu wake, Francis Kéré, ni mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, ambaye mwaka 2022 alituzwa Tuzo ya Pritzker, heshima kubwa kabisa katika usanifu wa majengo. Minara ya chuo hicho iliigwa kutoka vichuguu vya mchwa vya eneo hilo. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na vyumba vya tarakilishi hupoa.

Mjini Lodwar kwenyewe kuna taasisi ya elimu ya juu iliyoanzishwa kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro. Hivyo, kijana wa leo halazimiki kwenda Eldoret au Nairobi ndipo aguse tarakilishi kwa mara ya kwanza.

Mfano wa Lual Mayen

Je, kuna aliyeimaliza safari hii? Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Kalobeyei unapatikana ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda.

Lual Mayen alizaliwa njiani, wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan. Dada zake wawili walifariki katika safari hiyo. Alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda kwa zaidi ya miaka 20. Aliiona tarakilishi kwa mara ya kwanza mwaka 2007 alipokuwa akiandikishwa na maafisa, akamwambia mama yake kwamba anaitaka.

Mama huyo, aliyekuwa mshonaji, aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi akafikisha dola 300 za kununua kipakatalishi. Kijana alitembea saa tatu kwenda mahali penye umeme na intaneti, na saa tatu kurudi. Alijifunza mwenyewe kuandika programu, kisha akaunda mchezo wa simu uitwao Salaam, ambamo mchezaji humkimbiza mtu kuelekea kwenye amani. Kwa kuwa intaneti ilikuwa adimu kambini, nakala za kwanza alizigawa kwa bluetooth, kutoka simu moja hadi nyingine.

Sifa za mchezo huo zilimfikisha Marekani, ambako alianzisha kampuni ya Junub Games jijini Washington. Mwaka 2018, alitambuliwa katika hafla ya The Game Awards miongoni mwa watu waliotumia michezo ya tarakilishi kwa manufaa ya jamii.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi kwamba mwenye nia hashindwi. Hilo ni kweli, lakini kina somo la pili. Programu ilizaliwa kambini, nayo kampuni ikasajiliwa ughaibuni. Kijana mmoja alifaulu. Kambi iliyomlea haikupata ofisi, kodi wala ajira.

Nguzo nne

Ili kampuni ijayo isajiliwe Lodwar au Kalobeyei, nguzo nne zilizotajwa zinahitaji kutazamwa moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni umeme. Kalobeyei imepata mitambo midogo ya umeme wa jua, ikiwemo ya kampuni ya Renewvia. Jua ndiyo mali isiyopungua Turkana, na duka lenye taa usiku linaweza pia kuchaji kipakatalishi.

Ya pili ni intaneti. Kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, bei zilianza kushuka nchini, lakini nafuu ilichelewa kufika kaskazini. Mpango wa barabara ya kutoka Eldoret hadi Nadapal, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015, ulijumuisha kebo ya faiba sambamba na lami.

Ya tatu ni malipo, na hapa mlango uko wazi zaidi. M-Pesa ilizinduliwa mwaka 2007. Mwaka 2017, Safaricom ilifungua Daraja, mfumo unaomwezesha mwandishi wa programu kuiunganisha kazi yake na M-Pesa. Mwaka 2018, wateja wa M-Pesa waliwezeshwa kupokea fedha za PayPal kutoka ng'ambo.

Ya nne ni stakabadhi, na ndiyo inayowatenga majirani wawili. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inamruhusu hata mtu mmoja kusajili kampuni. Mturkana mwenye kitambulisho anaweza kuanza kwa simu yake. Kwa mkimbizi, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilitambua nafasi yake katika uchumi, lakini bado huhitaji kibali cha kazi, na ruhusa ya kutoka nje ya eneo alilopangiwa. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na serikali Machi 2025, unalenga kuzigeuza kambi kuwa miji inayowahudumia wote. Utekelezaji wake ndio utakaoamua kama majirani hao wanaweza kuwa washirika katika kampuni moja.

Suala hili halina anasa ndani yake. Mwaka 2025, migao ya chakula Kakuma na Kalobeyei ilipunguzwa sana fedha za wahisani zilipokauka. Familia zilizozoea kuiona simu kama chombo cha kupokelea msaada zililazimika kutafuta njia nyingine ya kuishi. Soko lipo: uchunguzi wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria matumizi ya Kakuma kuwa dola milioni 56 kwa mwaka, kukiwa na biashara zaidi ya 2,000.

Biashara hizo zinahitaji daftari za madeni, hesabu za bidhaa na habari za bei za mifugo. Anayezifahamu zaidi ni yule aliyekulia humo. Akipata umeme, mtandao na kibali, hatahitaji kuvuka bahari ili aitwe mwenye kampuni.