Kutafuta, Kupewa, Kufaidi

Vijana ninaokaa nao kwenye kikundi cha Kiingereza huuliza: kwa nini tuhangaike na neno moja moja, si mradi mtu ameelewa? Jibu langu ni historia ya sentensi inayotuhusu wakimbizi wote.

Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ulikuwa unaandika Tamko la Haki za Binadamu. Rasimu ya kifungu cha 14 ilisema kila mtu ana haki "to seek and be granted" hifadhi, yaani kuitafuta na kupewa. Uingereza ikapendekeza ibadilishwe. Tarehe 10 Desemba, huko Paris, tamko likapitishwa likisema "to seek and to enjoy": kuitafuta na kuifaidi.

Hebu zitazame. Zinafanana kama mapacha. Lakini ukisikia "kupewa" lazima uulize, na nani? Hapo kuna serikali inayodaiwa. "Kufaidi" haina mtoaji. Ukishaipata hifadhi, ni haki yako kuishi nayo, ila hakuna nchi iliyofungwa kukufungulia mlango. Na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Serikali zilitaka zibaki zenyewe na uamuzi wa nani aingie.

Waafrika nasi tulifanya vivyo hivyo. Mkataba wa OAU wa wakimbizi, Addis Ababa, 10 Septemba 1969, kifungu cha 2, aya ya kwanza: hausemi nchi "shall receive", zitapokea. Unasema "shall use their best endeavours", yaani zitajitahidi kupokea kadiri ya sheria zao. Kujitahidi si kupokea, jamani.

Lakini shuka hadi aya ya tatu. Mtu asikataliwe mpakani, asirudishwe, asifukuzwe kwenda mahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini. Pale "shall" imesimama peke yake, haina kujitahidi. Mama aliyefika mpakani usiku na watoto anashikilia aya hiyo, si ile ya kwanza.

Nanyi ndugu zetu wa mashirika, mkitutafsiria barua, angalieni "may" na "will". "Kesi yako huenda ikaangaliwa" si sawa na "kesi yako itaangaliwa." Kwa sentensi ya pili, kuna mtu ataenda kuuza sufuria zake leo jioni, akijua safari imefika.