Gari kuukuu linalowaka leo na kugoma kesho: sikiliza mlio kabla ya kununua kifaa

Wasikilizaji wetu wa Rudewa wanatuuliza swali moja kwa namna nyingi. Noah ya zamani inawaka vizuri asubuhi, inapeleka abiria Kilosa, ikizimwa sokoni haiwaki tena. Watu wanasukuma mpaka wanachoka. Nusu saa baadaye ufunguo unazungushwa, injini inanguruma kama vile hapakuwa na tatizo. Likifikishwa gereji, gari hilohilo linawaka mara kumi mfululizo, na fundi anamtazama mwenye gari kwa mashaka.

Vijijini kwetu gari la namna hiyo mara nyingi ndilo linaloamshwa usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu. Kwa hiyo kulizoea kwa kusema "ndivyo lilivyo" si jambo dogo.

Kosa la kwanza ni kuanza na duka la vipuri. Msikilizaji wetu mmoja alinunua betri mpya, halafu stata ya mtumba, na gari likaendelea kugoma. Mwishowe kosa likakutwa kwenye waya wa ethi, ule mnene unaotoka upande wa hasi wa betri kwenda kwenye bodi na injini. Bolti yake ilikuwa imeliwa na kutu chini ya tope. Msasa na spana vilimaliza kazi kwa robo saa.

Kosa linalokuja na kuondoka hukamatwa likiwa lipo. Siku gari linapogoma, usikimbilie kusukuma. Hakikisha halimo kwenye gia na breki ya mkono imevutwa, washa taa kubwa za mbele, kisha mtu mmoja apige stata na mwingine aangalie taa na kusikiliza.

Taa zikififia sana na ukasikia "ta-ta-ta-ta" ya harakaharaka, umeme hautoshi. Betri imechoka, au vichwa vyake vimelegea au vimeota ule unga mweupe wa kijani. Gusa vichwa hivyo kwa uangalifu baada ya kujaribu mara chache: kilichopata joto kuliko kingine ndicho kinachozuia umeme. Mwenye mita apime gari likiwa limelala usiku kucha. Betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6, na ikishuka chini ya 12.2 imebaki na nusu ya chaji au pungufu. Injini ikiwa inaunguruma, mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikisoma 12 tu, oltaneta au waya wake haichaji, na hata betri mpya itakufa palepale.

Taa zikibaki kali na ukasikia "ka!" moja tu, mtuhumiwa ni stata. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Kwenye stata za Toyota nyingi za zamani, ndani ya kile kichupa kilichoungana na stata kuna vipande viwili vya shaba vinavyopitisha umeme mkubwa. Vikilika, vinagusana siku moja na kukosana siku nyingine, na ndiyo maana ukipiga stata mara ya saba gari linawaka. Fundi umeme anaweza kubadilisha vipande hivyo peke yake bila kununua stata nzima. Wengine hugonga stata taratibu kwa kipande cha mti ikawaka. Hiyo ni dalili kwamba kaboni zake zimekwisha au zimekwama. Usiifanye kuwa tiba ya kila siku.

Kukiwa kimya kabisa na taa ni kali, tazama waya mwembamba unaokwenda kwenye stata, fyuzi, rilei na swichi ya ufunguo. Gari la otomatiki lijaribu kwenye N badala ya P. Likiwaka kwenye N, swichi ya gia ndiyo yenye kasoro.

Stata ikizungusha injini kwa nguvu lakini injini haishiki, achana kabisa na betri. Hapo kinachokosekana ni mafuta au moto wa plagi. Baada ya mvua za masika, gari lenye waya za plagi zilizopasuka hugoma kwa unyevu na kupona jua likitoka. Linalogoma likiwa moto na kuwaka likipoa, mara nyingi lina koili au sensa inayoshindwa na joto.

Usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo. Ipumzishe dakika moja hivi. Usivute sigara karibu na betri, maana hutoa gesi inayolipuka. Ukifungua vichwa, anza na hasi, na ukirudisha, hasi iwe ya mwisho.

Simu yako ni kifaa kizuri hapa. Rekodi mlio wakati gari linagoma, kisha andika saa, kama injini ilikuwa moto au baridi, kama mvua ilinyesha, na gari lilisimama kwa muda gani. Rekodi ya sekunde ishirini itamwonyesha fundi wa Kilosa au Mikumi kile ambacho gari linakataa kumwonyesha likifika gereji. Mpaka kosa lipatikane, lenye gia za mkono liegeshe likitazama barabarani, mahali ambapo watu wawili wanaweza kulisukuma. La otomatiki halisukumwi likawaka, kwa hiyo waya za kuazimia chaji zikae ndani ya gari.