Tochi ya Mkononi au Taa ya Simu: Nani Anabaki na Mwanga Nyumbani?

KIPINDI: Historia ya vitu vya kila siku
WASOMAJI: Mtangazaji na Msimulizi

[Muziki wa kufungulia, kisha unapungua]

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia kitu ambacho kila nyumba inakihitaji jua likizama: mwanga wa kushika mkononi. Swali letu ni hili: mtu mwenye simu yenye taa, bado anahitaji tochi? Wapo wanaosema tochi ni ya wazee, simu imekwisha kuchukua kazi yake. Wapo wanaojibu kwamba simu ni ya kupigia, tochi ndiyo ya kumulikia. Kabla hujachagua upande, msikilize msimulizi wetu.

[Muziki mfupi]

MSIMULIZI: Ahsante. Tuanzie Nkungu, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, sehemu ambayo wengi bado wanaiita Cyangugu. Katika sekta hiyo kuna mahali panaitwa Nyarushishi. Wakimbizi wa vizazi tofauti wanalijua jina hilo. Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, Warundi waliokimbia nchi yao walipokewa hapo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu waliokuwa wamekusanywa katika uwanja wa Kamarampaka mjini Cyangugu walihamishiwa hapo. Na mwaka 2025, vita vilipowafukuza watu wa Kivu Kusini, Wakongo waliovuka mpaka walipita katika kituo hichohicho.

Sasa tazama jambo la ajabu la eneo hili. Chini ya milima hiyo unapita mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Bwawa la kwanza la umeme la mto huo lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. La pili, Rusizi II, lilianza mwaka 1989, na umeme wake unagawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Kongo. Kwa hiyo umeme unapita katika milima hii miaka mingi. Lakini mtu anayefika usiku na mzigo kichwani na mtoto mgongoni hafiki na waya wa umeme. Anafika na kile alichoshika mkononi. Ndiyo maana historia ya tochi inamhusu mkimbizi kuliko historia ya bwawa.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Basi, hiyo tochi ilianzia wapi?

MSIMULIZI: Kwa muda mrefu mwanga wa kubebeka ulikuwa moto: kijinga, mshumaa, baadaye taa ya mafuta. Ile taa ndogo ya kopo na utambi, Watanzania wanaiita kibatari, Wakenya wanaiita koroboi, Wanyarwanda wanaiita agatadowa. Ni ya bei nafuu, lakini inatoa moshi, upepo unaizima, na katika nyumba ya turubai au nyasi inaweza kuchoma mtaa mzima.

Ili mwanga utoke kwenye moto, ilibidi kwanza upatikane umeme wa kubeba mfukoni. Betri za mwanzo zilikuwa na maji ya dawa ndani yake, ukiinamisha, yanamwagika. Miaka ya 1880 Mjerumani Carl Gassner alitengeneza betri kavu, isiyomwagika. Hiyo ndiyo mama wa yale tunayoyaita mawe ya tochi. Tarehe 10 Januari 1899, fundi Mwingereza David Misell, aliyekuwa akifanya kazi New York, alipewa hati ya uvumbuzi wa taa ya mkononi: bomba, betri ndani yake, balbu mbele, na kioo cha kurudisha mwanga. Kampuni iliyoiuza ilikuwa ya Conrad Hubert. Huyo naye alikuwa mgeni Marekani. Alizaliwa Minsk, katika Dola ya Urusi, kwa jina la Akiba Horowitz, akahama na kuanza maisha upya ng'ambo.

Baadhi ya tochi za kwanza walipewa askari polisi wa New York wazijaribu. Zilikuwa dhaifu. Betri ilichoka haraka, kwa hiyo mtu alibonyeza kidogo, akaona, akaachia. Ndiyo maana Wamarekani waliipa jina lenye maana ya mwanga wa kumweka mara moja. Baadaye nyuzi bora za balbu na betri zenye nguvu zaidi ziliiwezesha kuwaka mfululizo.

Huku kwetu tochi ilienea kwa kupitia maduka ya mjini na vijijini, ile ya chuma inayomeza mawe mawili makubwa. Nchini Kenya kampuni ya Eveready ilitengeneza betri mjini Nakuru hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2014. Kutoka China zilikuja betri na tochi za Tiger Head, zenye picha ya kichwa cha chui mwenye milia. Mlinzi, mvuvi, mkunga, mchungaji: kila mmoja alikuwa na yake. Na jioni nyingi mawe yaleyale yalitolewa ndani ya tochi yakatiwa kwenye redio ili watu wasikie habari.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Kisha simu ikaingia.

MSIMULIZI: Kwanza tuseme juu ya taa yenyewe. Balbu ya zamani ilipoteza sehemu kubwa ya umeme kwa kutoa joto. Taa ndogo za LED zilibadilisha hesabu hiyo. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, walifanikiwa kutengeneza LED yenye mwanga wa buluu, na kutoka hapo ukapatikana mwanga mweupe. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel. Kwa LED, mawe yanayowasha balbu ya zamani kwa saa chache yanaweza kutoa mwanga kwa usiku kadhaa.

Taa hiyo ilikuwa ndogo kiasi cha kuingia ndani ya simu. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu ya 1100, iliyofikiriwa kwa watu wa nchi zenye vumbi na umeme haba. Vitufe vyake vilifunikwa ili vumbi lisiingie, na kichwani ilikuwa na taa. Ziliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Lugha yetu haikuchelewa kuzipa simu za namna hiyo majina. Tanzania ni kitochi, Uganda ni katochi, na Kenya ni mulika mwizi. Angalia majina hayo vizuri. Watu hawakuiita kwa kazi ya kupiga simu, waliiita kwa taa yake.

Kitochi kilikuwa na faida kubwa: betri yake ilikaa siku kadhaa hata ukimulika kila usiku. Simu kubwa za kioo zilikuja na hesabu nyingine. Taa yake ni ile ya kupigia picha. Inamulika sana, lakini inakula chaji ambayo kioo na intaneti vimeshaanza kuila tangu asubuhi.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Kwa hiyo wewe unasema tochi ndiyo bora?

MSIMULIZI: Nasema tusiulize tu ipi inamulika zaidi. Tuulize nani anabaki na mwanga. Simu ni ya mtu mmoja. Mwenyewe akitoka, mwanga umetoka naye. Tochi ikitundikwa kwenye msumari mlangoni ni ya nyumba nzima. Katika familia nyingi simu ni moja, na mara nyingi iko mfukoni mwa baba au kijana mkubwa. Akiwa kwenye kibanda cha kuchajia au kwa marafiki, mama anayetaka kumpeleka mtoto chooni saa nne usiku anatumia nini? Bibi anayetafuta dawa yake anatumia nini?

Jambo la pili ni sauti. Kwa mkimbizi simu ndiyo njia ya kumtafuta ndugu aliyebaki ng'ambo ya mto, kupokea pesa, na kuita msaada mgonjwa akizidiwa. Ukiimaliza chaji kwa kumulikia chungu cha maharage, simu ya ndugu yako itakukuta umezima. Tena ukimulika njia kwa simu kubwa gizani, unamwonyesha kila mtu mali uliyoshika. Mulika mwizi inaweza kuwa mwita mwizi.

Wanaopenda taa ya simu nao wana hoja za kweli. Simu huisahau nyumbani kwa nadra. Haihitaji kununua mawe kila mara. Na tochi nyingi za bei ya chini sokoni hufa upesi: swichi inalegea, betri ya ndani haishiki chaji. Mawe ya kawaida yakisahauliwa ndani huvuja na kula chuma. Na yakiisha, yanatupwa chooni au shambani. Mwaka 2017 watafiti Bensch, Peters na Sievert walieleza jinsi vijiji vingi vya Afrika vilivyohama kutoka mafuta ya taa hadi LED za betri bila mradi wowote kuwasukuma, na wakaonya kwamba mawe yaliyotumika hayana pa kutupwa. Hasara hizo ni za kweli, lakini zinarekebishika. Ile ya mama kubaki gizani haisubiri.

Kambini kumekuwa na juhudi pia. Nchini Rwanda, kuanzia mwaka 2017, shirika la Practical Action na UNHCR walileta umeme wa jua wa nyumbani na taa za njiani katika kambi za Kigeme, Nyabiheke na Gihembe. Hilo ni jema. Lakini tukumbuke pia uchunguzi uliotolewa na Oxfam na Chuo Kikuu cha Loughborough mwaka 2018, kutoka kambi za Iraq, Nigeria na Uganda: taa karibu na vyoo peke yake haiondoi hatari kwa wanawake na wasichana. Njia ya kwenda huko nayo ina giza, na anayedhuru mwenzake hazuiwi na taa tu. Kwa hiyo tochi mkononi ni msaada, haichukui nafasi ya kusindikizana wala ya kutoa taarifa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Tochi moja nyumbani, hata ndogo, ni akiba ya mwanga, na chaji iliyobaki kwenye simu ni akiba ya sauti. Mwenye vyote viwili asile akiba moja kwa kazi ya nyingine.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Ahsante, msimulizi. Kwa vikundi vya kusikiliza, haya ndiyo mambo ya kuzingatia wiki hii:

1. Chagueni sehemu moja ya kuweka tochi, ambayo kila mtu nyumbani anaijua hata gizani.
2. Mawe yasiyotumika yatoeni ndani ya tochi. Yaliyovuja msiyashike kwa mkono mtupu, msiyatupe motoni, na msimpe mtoto kuchezea.
3. Kabla ya kulala, angalieni kama simu ina chaji ya kutosha kupiga simu moja ya dharura.

Na maswali ya kujadili: Nyumbani kwenu, mwenye simu akitoka usiku, nani anabaki na mwanga? Je, familia inaweza kununua tochi moja kwa pamoja na majirani wawili? Njia ipi katika mtaa wenu inahitaji kusindikizana, na nani atapanga zamu?

Jadilianeni, kisha mpeleke majibu yenu kwa kiongozi wa mtaa. Hadi wiki ijayo, usiku mwema.

[Muziki wa kufungia]