Mwanga Uliokamilisha Dawa ya Malaria

Kanga ikisahauliwa kambani huko Mraru, karibu na Voi, rangi haichukui muda kupauka. Wengi hulaumu joto, kumbe mwanga wenyewe ndio unaozivunja molekuli za rangi. Mwanga huohuo una mkono wake katika vidonge vya AL (atemetha na lumefantrini) wanavyopewa wagonjwa wa malaria.

Mwaka 1834 mfamasia Mjerumani, Trommsdorff, aliona fuwele za santonini, dawa ya minyoo itokanayo na mmea wa jamii ya pakanga, zikigeuka manjano na kupasuka juani. Mwaka 1912 mkemia Giacomo Ciamician wa Bologna, Italia, aliyezoea kupanga chupa zake juu ya paa la maabara, alitabiri viwanda visivyo na moshi vitakavyoendeshwa na jua katika nchi kame. Utadhani alikuwa akiizungumzia Voi.

Voi ya wakati huo ilikuwa na shida nyingine. Mwaka 1915 Waingereza walipokuwa wakitandika reli kwenda Maktau kupigana na Wajerumani, tegemeo dhidi ya malaria lilikuwa kwinini. Hata hivyo, katika vita ile ya Afrika Mashariki maradhi yaliangusha askari wengi kuliko risasi. Baadaye ikaja klorokwini, nayo vijidudu vikaizoea, na hatimaye mwaka 2004 Kenya ikaamua kuhamia dawa ya mseto yenye asili ya atemisinini, ndiyo hiyo AL.

Atemisinini ilipatikana China mwaka 1972 na kundi la Tu Youyou, katika pakanga ya Kichina. Ajabu yake imo jikoni mwa jani. Mmea hutengeneza asidi fulani, kisha mwanga huiamsha oksijeni, ikajipachika kwenye asidi hiyo na hatimaye kuunda daraja la atomi 2 za oksijeni. Daraja hilo ndilo silaha: likikutana na chuma ndani ya kijidudu kinachokula damu, huvunjika na kukiangamiza.

Mwaka 2012 mkemia Peter Seeberger na mwenzake, huko Potsdam, Ujerumani, waliiga hatua hiyo kwa kupitisha kimiminika kwenye mrija mwembamba uliozungushwa kwenye taa. Mwaka uliofuata kampuni ya Sanofi iliiga hatua hiyohiyo kwa kiwango cha kiwanda huko Garessio, Italia: hamira iliyobadilishwa jeni kwa utafiti wa Jay Keasling wa Marekani ilitoa asidi, taa zikamalizia. Lengo lilikuwa tani 50 hadi 60 kwa mwaka.

Kikemia walifaulu. Sokoni walikutana na wakulima wa China, Vietnam na Afrika Mashariki, ambako majani yalikuwa yakipelekwa kiwandani Athi River. Bei ya atemisinini ya shambani iliporomoka chini ya dola 250 kwa kilo. Ya Sanofi ilizidi 350. Mwaka 2015 Garessio haikuzalisha hata gramu moja, na kiwanda kikauzwa kwa kampuni ya Huvepharma ya Bulgaria.