Maji Yaliyo Chini ya Kurasini

Chota mchanga wa hapa Kurasini, Dar es Salaam, uutazame kiganjani. Punje angavu ni kwatzi, madini magumu yaliyobanduka kwenye miamba ya bara na kuletwa pwani na mito. Felspa ya miamba hiyo, madini yasiyostahimili sana mvua na joto, hugeuka udongo wa mfinyanzi. Ndiyo asili ya kaolini, mfinyanzi mweupe wa vilima vya Pugu.

Mvua hupenya kati ya punje hizi hadi izuiwe na mfinyanzi. Hapo ndipo visima vifupi hupata maji. Chini ya mfinyanzi huo kuna mchanga mwingine wenye maji, unaofikiwa na visima virefu, ambavyo viliongezeka sana Dar es Salaam kufuatia ukame wa 1997.

Kurasini imepakana na mkono wa bahari. Huku chini, maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 za maji hayo chini ya usawa huo. Tukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda kisimani. Maji taka nayo hupenya mchanga upesi. Tuvute kwa kiasi, na vyoo tuvijenge mbali na visima.